Hattusa au Hattusha?

Anayesoma habari za makao makuu ya Wahiti, taifa la kale, kwa Kiingereza hukutana na majina manne: Hattusa, Hattusha, Hattusas na Boğazköy. Mji ni mmoja. Magofu yake yako Boğazkale, mkoa wa Çorum, katikati ya Uturuki. Wahiti wenyewe wengi wetu tunawajua kwa Uria Mhiti tu, mume wa Bathsheba.

Boğazköy tuliweke kando mapema. Ni jina la zamani la Kituruki la kijiji hichohicho cha Boğazkale, na limeng'ang'ania vitabuni kwa kuwa ndivyo kijiji kilivyoitwa Hugo Winckler na Theodor Makridi walipoanza kuchimba mwaka 1906 na kufukua vibao vya udongo kwa maelfu. Hattusas nalo lina kasoro. Ile -s ya mwisho ni alama ya kisarufi tu: Kihiti kiliipachika pale mji ulipokuwa kiima cha sentensi. Ni kama mgeni asikie "naenda sokoni" kisha aandike kwamba mahali pale panaitwa Sokoni. Mtetezi wake atasema mbona Kiingereza kina Ephesus, na -s yake ya Kigiriki? Kweli, lakini hichohicho kiliikata kwenye Corinth. Sisi tumekata kote: Efeso, Korintho.

Kesi yenyewe ni kati ya s na sh. Hattusha ina hoja nzito. UNESCO iliuorodhesha mji huo kwa tahajia hiyo mwaka 1986, na Waturuki huandika Hattuşa, ambayo ş yake hutamkwa sh. Mtalii anayekwenda huko atasikia sh midomoni mwa watu. Kumwambia kwamba wenyeji wanakosea ni utovu wa adabu.

Lakini turudi kwenye udongo. Mara nyingi mwandishi wa Kihiti hakuandika jina hilo kwa sauti zake. Aligandamiza alama ya "mji", akafuatisha alama ya "fedha", ile madini, kisha akaongeza silabi moja ya kumkumbusha msomaji neno linaishaje. Silabi hiyo, kwa Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia (Iraki ya leo), husomwa sha. Hapo ndipo sh ilipotoka. Tatizo ni kwamba mwandiko wa kikabari, yaani huo wa alama zinazogandamizwa kwenye udongo, Wahiti waliuazima kutoka Mesopotamia, na anayeazima alama huzitumia kwa sauti za kinywa chake, si za aliyemwazima.

Shahidi mzuri yuko Misri. Mfalme Hattusili wa Tatu, ambaye jina lake limetokana na mji huo, alifanya mkataba wa amani na Ramses wa Pili yapata mwaka 1259 KK, na Wamisri wakauchonga kwenye ukuta wa hekalu la Karnak. Lugha yao ilikuwa na s na sh kama herufi mbili tofauti. Jina la mfalme waliliandika kwa s. Ushahidi huu, kwangu, unashinda orodha ya UNESCO, maana walioandika waliishi zama za mfalme huyo na walipokea wajumbe wake.

Kwa hiyo ningeandika Hattusa, na kutaja Hattusha mara moja mwanzoni ili msomaji asidhani ni mji mwingine. Tahajia ya kitaalamu, Ḫattuša, ibaki kwa wanaosoma vibao vyenyewe. Mwandishi wa gazeti akiitumia anajitafutia makosa ya uchapaji bure. Ila mtu akiandika Hattusha anapozungumzia eneo la urithi wa dunia, nisingemsahihisha. Hilo ndilo jina lililosajiliwa.

Cha kuchekesha ni kwamba herufi ya kwanza haina mgomvi. Ile Ḫ wataalamu huisoma karibu na kh, na Kiingereza kimeifanya h bila kumuuliza mtu. Sisi tuliogeuza khabar kuwa habari na khayr kuwa heri hatuna uso wa kulalamika.