Mpaka Ukifunguliwa, Nani Analipa? Hesabu ya Wafanyakazi wa Kuvuka Mpaka Ulaya

Karibu nusu ya watu walioajiriwa Luxembourg hawalali Luxembourg. Ni zaidi ya 200,000, na kila asubuhi hutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani kwa treni, kwa basi na kwa foleni ndefu za magari, jioni wakarudi kwao. Nchi yenyewe ina wakazi wasiofika 700,000. Uswisi, ambayo si mwanachama wa Umoja wa Ulaya ila ina mkataba nao wa watu kwenda na kurudi kwa uhuru, ina wafanyakazi wa namna hiyo wapatao 400,000, na zaidi ya nusu yao wanaishi upande wa Ufaransa.

Kwa mtu wa Namanga au Busia, anayejua kusimama mpakani na karatasi mkononi, hayo ni maendeleo makubwa. Na ni maendeleo kweli. Hata hivyo, huko huko Ulaya wapo watafiti wanaoona kazi ya kufungua mipaka imeachwa njiani, na wameamua kuipigia hesabu.

Hesabu iliyovuma kuliko zote ilitoka mwaka 2017. Watafiti wa Politecnico di Milano, chuo kikuu cha ufundi cha Italia, kwa niaba ya Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, walitaka kujua maeneo ya mpakani yanapoteza kiasi gani kwa sababu tu sheria na taratibu za upande mmoja hazioani na za upande wa pili. Hawakuzungumzia milima wala mito, walizungumzia karatasi. Jibu lao: vikwazo hivyo vikipunguzwa kwa asilimia 20 tu, pato la maeneo ya mpakani lingepanda kwa asilimia 2 na ajira zaidi ya milioni moja zingepatikana. Septemba mwaka huo Kamisheni iliibeba takwimu hiyo kwenye waraka wake kuhusu maeneo ya mpakani, ambayo kwa maelezo yake yanachukua asilimia 40 ya ardhi ya Umoja na karibu theluthi ya watu wake.

Ni hoja nzito, na nitaanza na upande wake kwa sababu mifano yake haina ubishi. Bonde la Cerdanya liko juu katika milima ya Pyrenees, nusu yake Uhispania, nusu Ufaransa. Mwaka 2014 ilifunguliwa hospitali moja mjini Puigcerdà, upande wa Uhispania, ihudumie wakazi wa pande zote mbili, maana Wafaransa wa bondeni walikuwa wakisafirishwa hadi Perpignan, zaidi ya saa moja kwa barabara za milimani. Jengo likapatikana, na fedha za Umoja wa Ulaya zikapatikana. Kisha sheria zikaanza kujitokeza moja baada ya nyingine. Mtoto wa wazazi Wafaransa akizaliwa pale, amezaliwa ugenini, na usajili wake unafuata njia ya ubalozini. Mgonjwa akifariki, kumrudisha nyumbani kilomita chache kunahesabika kuwa ni kusafirisha maiti kimataifa. Daktari wa Kifaransa naye alihitaji kujiandikisha kwenye chama cha madaktari cha upande wa pili ndipo aguse mgonjwa.

Hakuna anayefaidika na vikwazo vya aina hiyo. Havimlindi mfanyakazi wala havijazi hazina ya mtu yeyote. Vimebaki kwa sababu aliyetunga sheria alikuwa Paris au Madrid na hakuwahi kufikiria bonde lile. Vyeti vya taaluma visivyotambuliwa, basi linaloishia kijiji cha mwisho, ofisi ya ajira isiyoweza kumtangazia mtu kazi iliyo ng'ambo ya mto: hivi vyote vinastahili kuondolewa jana. Na wameanza. Strasbourg na Kehl, miji inayotazamana kwenye mto Rhine, imekuwa na ofisi ya pamoja ya kuunganisha watu na kazi tangu 2013, na tangu 2017 tramu inavuka mto. Mradi wa Kamisheni uitwao b-solutions, ulioanza 2018 na kusimamiwa na chama cha maeneo ya mpakani ya Ulaya, umekusanya na kuchambua visa zaidi ya 100 vya namna hii.

Tatizo langu na takwimu ya 2017 liko kwingine. Imejumlisha pande mbili za mpaka kana kwamba zina mfuko mmoja. Asilimia 2 ni ya nani? Ya Luxembourg, au ya Longwy?

Longwy ni mji wa Ufaransa uliokuwa wa viwanda vya chuma, ukaporomoka viwanda vilipofungwa, na leo wakazi wengi wanaishi kwa mishahara ya Luxembourg. Sababu haihitaji mtafiti. Mwanzoni mwa 2025 kima cha chini cha mshahara Luxembourg kilikuwa euro 2,637 kwa mwezi; Ufaransa euro 1,801. Muuguzi aliyesomeshwa kwa kodi ya Wafaransa anaweza kuvuka mpaka akalipwa vizuri zaidi kwa kazi ileile, na hospitali za upande wake zikabaki zikitafuta watu. Kodi ya mapato yake inabaki Luxembourg. Shule ya watoto wake, taka zake, barabara anayopita saa 12 asubuhi, ni juu ya manispaa yake. Mameya wa Lorraine, eneo hilo la Ufaransa la mpakani, wamelilalamikia hili kwa miaka. Luxembourg imekubali kuchangia reli na maegesho ya magari upande wa Ufaransa, lakini kurudisha sehemu ya kodi kwa manispaa hizo imekataa, ikieleza kwamba fedha za miradi ya pamoja zina faida zaidi kuliko hundi.

Ukiitazama hivyo, kuondoa kikwazo cha mpaka kumemfaa mfanyakazi na kumeifaa Luxembourg, na hakuna sababu ya kumhukumu mtu kwa kufuata mshahara mzuri. Ila mwenye hesabu ya jumla hawezi kukuambia kwamba upande mmoja unazidi kuwa bweni la upande mwingine.

Sheria ya mtu aliyepoteza kazi inalionyesha hili waziwazi zaidi. Kwa kanuni za Umoja za kuratibu hifadhi ya jamii, anayevuka mpaka kila siku huchangia katika nchi anayofanyia kazi. Akiachishwa, mafao ya kukosa ajira hulipwa na nchi anayoishi, kwa hoja kwamba huko ndiko atakakotafuta kazi nyingine. Nchi iliyopokea michango yake hurudisha kiasi cha miezi mitatu tu, au mitano kwa aliyechangia muda mrefu zaidi. Mfuko wa Ufaransa wa bima ya ajira, Unédic, ulikadiria kwamba mwaka 2023 pengo kati ya ulicholipa na ulichorudishiwa lilifika takriban euro milioni 800, sehemu kubwa ikitokana na waliokuwa wakifanya kazi Uswisi. Desemba 2016 Kamisheni ilipendekeza mzigo huo uhamie kwa nchi iliyopokea michango. Pendekezo likakwama kwenye majadiliano ya serikali, na Luxembourg ilikuwa miongoni mwa waliolipinga kwa nguvu. Nao wana hoja: ofisi yao ndogo ya ajira ingewezaje kuwafuatilia maelfu ya watu wanaoishi nchi tatu tofauti, kujua kama kweli wanatafuta kazi?

Hapo ndipo neno "kikwazo" linapoanza kunitia shaka. Chukua mhasibu anayeishi Thionville, Ufaransa, na kuajiriwa Luxembourg, anayetaka kufanya kazi siku mbili kwa wiki akiwa nyumbani. Kwa kawaida, ukifanya robo ya kazi yako au zaidi katika nchi unayoishi, hifadhi yako ya jamii inahamia huko, na mwajiri wako anajikuta akilipa michango ya Kifaransa. Baada ya korona kuwafundisha watu kazi za nyumbani, nchi kadhaa zilitia saini makubaliano yaliyoanza Julai 2023 kupandisha kiwango hicho hadi chini kidogo ya nusu. Vizuri. Mhasibu wetu akafurahi, mpaka alipoulizia kodi. Kati ya Luxembourg na Ufaransa, ni siku 34 tu kwa mwaka. Akipitisha hapo, siku zote alizofanyia kazi nyumbani zinatozwa kodi Ufaransa, na mwajiri anabeba makaratasi ya nchi mbili. Yaani mtu yuleyule, kwenye meza ileile ya jikoni, anaruhusiwa karibu nusu ya mwaka na ofisi moja, na siku 34 na nyingine.

Uzembe wa watunga sheria haupo hapa. Siku 34 zilijadiliwa kwa makini, moja moja, na watu waliojua kila siku inayoongezwa ina thamani gani kwa hazina ipi. Linganisha na makubaliano ya Ufaransa na Uswisi ya Desemba 2022: kazi ya nyumbani inaruhusiwa hadi asilimia 40 bila kodi kuhama. Kwa nini wao waliweza? Kwa sababu yalikuja pamoja na fidia kwa nchi anayoishi mfanyakazi. Fedha ilipogawanywa, kikwazo kikalegea chenyewe. Geneva wanalijua hilo zamani. Tangu mkataba wa 1973 jimbo hilo hurudisha asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara ya wafanyakazi hao kwa wilaya za Ain na Haute-Savoie wanakotoka. Si kwamba imemaliza chuki. Tangu 2005 kuna chama cha siasa Geneva kilichojijenga kwa kuwasema watu wa kutoka Ufaransa, na kimepata viti.

Upo upande mwingine wa hoja usiohusu hazina bali mishahara. Mwaka 2004 kampuni ya Latvia ilipeleka mafundi wake kukarabati shule Vaxholm, Sweden. Chama cha wafanyakazi wa ujenzi kikadai walipwe kwa mkataba wa Sweden, kampuni ikakataa, chama kikaizingira kazi hadi ikasimama. Desemba 2007 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mgomo ule ulikiuka uhuru wa kutoa huduma kuvuka mpaka. Kwa kampuni, chama kilikuwa kikwazo. Kwa fundi wa Sweden, kilikuwa ukuta wa mwisho uliozuia mshahara wake usiburutwe chini. Ilichukua Umoja zaidi ya miaka kumi, hadi 2018, kurekebisha sheria ya wanaotumwa kazini nchi nyingine ili walipwe sawa na wenyeji kwa kazi ileile.

Wapiga kura wa Uswisi walitoa ushahidi wao Februari 2014, walipoulizwa kama uhamiaji uwekewe kikomo. Nchi nzima ilikubali kwa asilimia 50.3. Geneva, yenye wafanyakazi wengi kutoka ng'ambo, ilikataa kwa karibu asilimia 61. Ticino, jimbo la kusini linalopokea maelfu kwa maelfu kutoka Italia, lilikubali kwa asilimia 68. Majimbo mawili ya mpakani, majibu kinyume kabisa. Tofauti moja ninayoiona nzito ni kwamba Ticino ina mishahara ya chini kuliko sehemu nyingine za Uswisi, na wenyeji wake waliamini wanaotoka Lombardia ndio wanaoishusha. Watafiti wa uchumi wanaweza kubishana nao kuhusu chanzo, lakini kura zilishapigwa.

Sisi tunalijua hili bila kupanda ndege. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na bado Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo saluni, kutengeneza simu na uwakala wa fedha za simu. Wakenya walilalamika kwamba ni kikwazo. Serikali ikasema inalinda riziki za wananchi. Maneno yaleyale ya Vaxholm, kwa Kiswahili.

Je, basi mpaka urudishwe? Mwezi Machi 2020 Ulaya ilijaribu bila kukusudia. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake, ukiwemo ule wa Luxembourg, hatua chache kutoka kijiji cha Schengen chenye jina lililobeba ahadi yote ya 1985 ya kuondoa ukaguzi mipakani. Luxembourg ikagundua kwamba sehemu kubwa ya wauguzi wake wanalala nchi nyingine, ikakodi vyumba vya hoteli kwa ajili yao, ikihofia kwamba Ufaransa ingewaita nyumbani wauguzi hao. Baada ya majira yale, sioni mtu makini akidai kwamba kila upande unaweza kujitegemea. Hata meya wa Longwy anayelalamika haombi mpaka ufungwe. Anaomba sehemu ya kodi.

Kwa hiyo ningetaka watafiti wagawanye kile walichokijumlisha. Vikwazo vya Cerdanya viwekwe peke yake, vifutwe bila mjadala mrefu. Vile vya kodi na mafao vihesabiwe upande kwa upande: nani atapata, nani atapoteza, na kiasi gani kinaweza kurudishwa. Na vile vya mishahara viulizwe kwanza kwa walio chini, kabla ya kuitwa vikwazo.

Mei 2025 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni iitwayo BRIDGEforEU, baada ya safari ndefu: wazo lilizuka wakati wa zamu ya Luxembourg kuongoza vikao vya mawaziri wa Umoja mwaka 2015, Kamisheni ikalipendekeza 2018, serikali zikalizima, kisha Bunge la Ulaya likalifufua. Toleo lililopita ni jepesi. Nchi inayotaka itaweka ofisi ambako manispaa, hospitali au kampuni ya mabasi itapeleka kikwazo chake, na ofisi hiyo italazimika kujibu, hata kama jibu ni hapana. Kwa kesi ya mtoto wa Puigcerdà, ofisi ya namna hiyo inatosha kabisa. Kwa pengo la euro milioni 800, karani wake atapokea faili, ataligonga mhuri, na kulirudisha kwa mawaziri walewale walioshindwa kukubaliana.