Chumvi ya kisima si chumvi ya bahari

Hapa Mwanza ukisema kisima chako kina maji ya chumvi, kila mtu anakuelewa: sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe, chai inabadilika ladha. Neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa maji ya Bahari ya Hindi, na hapo ndipo wengi wanaofuga samaki wa baharini nyumbani wanapoteleza. Jirani yangu wa Nyegezi ana tangi la lita 200, samaki wake wametoka Dar es Salaam, na kisima kiko uani. Ananiuliza: maji yenyewe tayari ni ya chumvi, chujio la nini? Anasema lile la osmosi kinyume (RO), linalosukuma maji kwenye utando unaozuia karibu kila kilichoyeyuka kabla hayajaingia tangini.

Swali lake lina msingi. Maji ya kisima hayana klorini, ambayo kwenye maji ya bomba lazima uitoe kwanza kabla samaki hawajayagusa. Bomba likikatika siku tatu, kisima kipo. Ile kalsiamu inayoganda kwenye birika matumbawe huitumia kujenga mifupa yao. Hata floraidi, inayotutisha sana kwenye visima vya nchi hii, si ngeni kwao, maana bahari yenyewe ina miligramu 1.3 hivi kwa lita. Kama tangi ni la samaki watupu, na kisima kimepimwa kikaonekana safi, sitabishana na mtu.

Ila wanaosisitiza chujio huku kwetu wanaonekana watu wa makuu, wanaomwaga fedha kwa maji ambayo binadamu anakunywa na hadhuriki. Nadhani hawajasikilizwa vizuri.

Tuanze na hiyo chumvi. Bahari ina gramu 35 hivi katika kila lita, na sehemu kubwa ni chumvi ileile ya mezani. Maji ya kisima yakifika gramu 1 tu kwa lita, wengi wetu tunayatema. Na hiyo gramu mara nyingi ni kalsiamu, magnesiamu na vitu vingine vilivyoyeyuka kwenye mwamba, kwa uwiano usiofanana kabisa na wa bahari. Kwa hiyo chumvi ya tangi utainunua vilevile, nayo imetengenezwa kwa hesabu kwamba maji utakayoichanganya nayo hayana kitu ndani.

Kinachonikosesha usingizi hasa ni uvukizi. Tangi la jirani, lenye taa na feni, tuseme linapoteza lita 3 kwa siku. Kinachopaa ni maji peke yake, kila kilichoyeyuka ndani kinabaki. Kila asubuhi anajazia lita 3 za kisima. Chukua kisima chenye naitreti (inayotokana na kinyesi na mbolea) miligramu 40 kwa lita, ambayo iko chini ya kikomo cha 50 cha Shirika la Afya Duniani, yaani mtu mzima anakunywa bila wasiwasi. Lita 3 zinaleta miligramu 120 kila siku. Gawanya kwa lita 200: kila lita ya tangi inaongezewa 0.6. Kwa mwezi ni 18. Kwa mwaka ni 219, na hapo bado hatujahesabu mavi ya samaki wala chakula kilichobaki. Bakteria wa kwenye mawe watakula sehemu yake, ni kweli, lakini hawaendi na kasi hiyo. Kubadilisha maji nako hakuokoi, kwa sababu maji mapya yanaingia na 40 yake tayari. Matumbawe mengi yanataka naitreti chini ya 10.

Fosfeti na silika, ambazo ni chakula cha mwani, zinalimbikizana kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana kioo kinavaa utando wa kahawia ambao unafutwa leo, keshokutwa umerudi. Shaba kidogo kutoka kwenye viungo vya pampu inatosha kuua kamba na konokono wote huku samaki wakiogelea kama kawaida.

Sasa utazame mji wetu. Nyumba zimepanda milima ya mawe, vyoo vya shimo viko juu, visima viko chini, na maji hupita kwenye nyufa za mwamba bila kuchujwa na udongo wa kutosha. Naitreti haina rangi wala harufu.

Chujio lina adha zake. Kwa kila lita moja safi, lita 3 hivi zinatoka pembeni (hizo zifulie au mwagilia mchicha). Linataka presha pia: tanki lililoinuliwa mita 5 linatoa nusu ya baa, wakati utando wa chujio la nyumbani unahitaji baa 3 hadi 4, kwa hiyo pampu ndogo ni lazima, na umeme ukikatika unasubiri. Jirani akishindwa kulinunua, anaweza kununua maji kwa madumu kwa wale wanaochuja ya kunywa, angalau yale ya kujazia kila asubuhi.

Nimemshauri apime kwanza naitreti, fosfeti na shaba. Kile kipimo cha kalamu kinachotoa namba moja ya jumla ya vilivyoyeyuka hakitoshi, kwa sababu 300 ya kalsiamu na 300 yenye naitreti zinasomeka sawa. Aache pampu ivute dakika kumi ndipo akinge kwenye chupa safi, na apime tena Aprili, masika yakishalowesha milima.