Nilitaka kufuta vitabu visivyo na nakala, basi

Mimi ni mtu wa majedwali, hilo mlijue mapema ili mkinicheka mnicheke vizuri. SQL, lugha ya kuongea na databesi za majedwali, ndo imenilea. Ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza kunormalaizi hadi hatua ya tatu, yaani kugawa majedwali ili jambo moja lisiandikwe mara mbili, ni nini nakujibu kabla sijafumbua macho, halafu naendelea kulala. Edgar Codd alivyoandika lile andiko lake mwaka 1970 akiwa IBM, kwamba data ikae kwenye majedwali na mtumiaji asihangaike imepangwaje huko chini kwenye diski, huwa naona alikuwa ananiandikia mimi, japo hata kuzaliwa bado.

Sasa bosi akaja na kazi ya mfumo wa maktaba, akasema safari hii tunatumia databesi ya objekti, ile inayohifadhi vitu vya programu vizima vizima badala ya mistari ya jedwali. Nikajua tu kashawishiwa na yule dogo mpya pale ofisini ambaye hawezi kumaliza sentensi bila kutaja objekti. Databesi yenyewe siitaji jina, haina kosa, ilifanya kila kitu kama ilivyoandikwa kwenye maelezo yake, maelezo ambayo mimi niliyasoma nikiruka ruka kama mtu anayejua tayari.

Dogo akanipa ile ilani ya mwaka 1989, ambayo watafiti sita walikaa wakaandika databesi ya objekti lazima iwe na nini na nini. Kanuni 13 za lazima. Nikafika kwenye ile ya utambulisho wa objekti nikacheka kwa dharau nikafunga, nikaanza kutengeneza klasi zangu, yaani ramani za kutengenezea objekti. Klasi ya Kitabu, klasi ya Mwandishi, Mkopo, Mwanachama, na kila moja nikaiwekea namba ya ID kama mstaarabu. Dogo akasogea nyuma ya kiti.

"Kaka, hizi ID za nini?"

"Ndo ufunguo mkuu huo dogo, bila huo utajuaje huyu ni nani?"

"Databesi inajua yenyewe. Kila objekti ina utambulisho wake, hata ukibadilisha kila kitu ndani yake inabaki kuwa ile ile."

"Na wawili wenye jina moja na simu moja?"

"Ni wawili."

"Hata kila kitu kikifanana? Hadi tarehe ya kuzaliwa?"

"Wawili, kaka."

Nikaona huyu hajapigwa na maisha bado. ID nikaziacha. Nikatengeneza na klasi ya KitabuMwandishi, ndani ina namba mbili tu, ID ya kitabu na ID ya mwandishi, si unajua kitabu kinaweza kuwa na waandishi wengi na mwandishi ana vitabu vingi, lazima uwe na kitu cha katikati. Dogo akaitazama kwa muda mrefu sana kisha akasema kwa upole, "Kaka, hili ni jedwali." Akaniambia kitabu chenyewe kishike orodha ya waandishi wake, na sio namba zao, wao wenyewe. Unakifungua kitabu unawakuta mle ndani, huhitaji joini, ile amri ya SQL ya kuunganisha majedwali.

Huhitaji joini! Mimi nimeandika joini hadi vidole vimeota sugu halafu naambiwa huhitaji. Nikasema sawa, mmetaka objekti mtazipata. Kitabu kikashika waandishi wake, mwandishi akashika vitabu vyake, kitabu kikashika mikopo yake, mkopo ukashika mwanachama, mwanachama akashika mikopo yake yote. Kila mtu anamjua kila mtu, njia za kwenda na kurudi, maana nani anajua siku moja utataka kutokea upande gani. Kwenye SQL huwa hujiulizi hilo swali, unaweka ufunguo wa nje, yaani ID ya mstari wa jedwali lingine, mahali pamoja, ukitaka kutokea kulia sawa, kushoto sawa, joini ni joini. Huku unachagua nani anamjua nani, na mimi kwa kutotaka kuchagua nikachagua vyote.

Matatizo yakaanza madogo madogo. Namtoa mwandishi, naenda kwenye kitabu chake, naenda kwenye mkopo, namfuata mwanachama, nikisogea hatua kadhaa mbele nakuta nulu, yaani patupu. Jina la mtu nulu, simu nulu, nikadhani data imeliwa. Kumbe databesi ikikuletea objekti haileti dunia nzima, inajaza hatua chache kwenda chini halafu inaishia hapo, na kwa hiyo yetu zilikuwa hatua 5. Mimi nikaona ubahili huo ni wa nini, nikapandisha ile namba hadi mwisho wa uwezo wake. Nulu zikaisha. Ila sasa nikiomba kitabu kimoja, kimoja tu, nisome jina lake, kinakuja na mwandishi, na vitabu vyote vya mwandishi, na mikopo ya hivyo vitabu, na wanachama wa hiyo mikopo, na vitabu vingine walivyowahi kuazima hao wanachama, na waandishi wa hivyo vingine. Umealika mtu mmoja kaja na ukoo. Feni ya laptopu ikawa inalia hadi jamaa wa meza ya pili akauliza kama kuna kitu kinaungua.

Kuhifadhi nako kulikuwa na vituko vyake, unabadilisha simu ya mwanachama kupitia mkopo, unahifadhi mkopo, ukifungua kesho simu ni ile ile ya zamani kwa sababu kuhifadhi kulikuwa kunaishia hatua ya kwanza. Hiyo niliizoea. Nilichokosa sana ni ON DELETE CASCADE, ile amri ya SQL ya kwamba ukifuta kitu vinavyokitegemea vifutwe navyo. Ukifuta kitabu mikopo yake inabaki inazurura haina mwenyewe, na mimi uchafu wa namna hiyo sivumilii. Nikatafuta kwenye maelezo, nikakuta kuna kitu kama hicho, unaiambia klasi kwamba ukifutwa futa na vilivyomo ndani yako. Nikawasha kwenye klasi zote. Hata sikumwambia mtu, nilikaa tu nimeridhika, nikaona hatimaye hii databesi imepata adabu.

Siku ya tukio. Maktaba walishaanza kuingiza data yao halisi, bosi akasema wanataka vitabu ambavyo nakala zote zimepotea au zimechanika vitolewe kwenye mfumo. Kazi ya mstari mmoja. DELETE, WHERE nakala = 0, unaenda zako. Huku kulikuwa na namna ya kutafuta kwa mfano, unatengeneza objekti ya Kitabu, unajaza unachotaka, mengine unayaacha wazi, unaikabidhi databesi inakuletea vyote vinavyofanana na hiyo. Kwa kweli nilikuwa nimeipenda hiyo kitu. Nikatengeneza Kitabu, jina nikaacha wazi, waandishi wazi, nakala nikaandika 0.

Hapa naomba tutulie kidogo. Databesi inajuaje sehemu gani umeiacha wazi? Ya maandishi ikiwa wazi inakuwa nulu, hilo halina shida. Lakini namba ya aina niliyoitumia haiwezi kuwa nulu, usipoigusa inakaa 0. Kwa hiyo mimi naandika 0 nikimaanisha sifuri, yenyewe inasoma huyu bwana hajali nakala ni ngapi. Jina hajali, waandishi hajali, nakala hajali. Basi mpeni vyote.

Nikaweka lupu inayofuta kimoja kimoja na kuandika jina lake kwenye skrini, nikabonyeza, nikachukua simu. Nikinyanyua macho majina yanapanda tu. Yanapanda. Nikasema hii maktaba inapoteza vitabu vibaya sana, hawa watu wanaazimisha au wanagawa? Halafu nikaona kitabu ambacho asubuhi ile ile nilikuwa nakijaribia, kilikuwa na nakala kibao. Yanazidi kupanda. Yalipofika mwisho nikauliza vitabu vimebaki vingapi, sifuri. Jasho. Nikauliza mikopo, sifuri, hiyo nikaielewa, si niliwasha mwenyewe. Waandishi, sifuri. Wanachama... wanachama wamehusika vipi jamani? Mtu hawezi kufutwa kwa sababu kitabu alichoazima kimefutwa!

Kumbe anaweza, na ndipo nilipoielewa hii elimu vizuri kuliko siku zote. Kwenye majedwali mkopo ndo unabeba ufunguo wa kitabu na ufunguo wa mwanachama. Ukifuta kitabu, mikopo inayokielekea inakwenda, na mambo yanaishia hapo, mwanachama hata habari hana. Kule cascade inarudi kwa wale wanaokunyooshea kidole. Huku inakwenda kwa wale unaowanyooshea wewe. Kitabu kimefutwa kikaondoka na mikopo, mkopo ukaondoka na mwanachama, na mwanachama akaenda na mikopo yake yote mingine, na mimi ndo nilijenga njia za kwenda na kurudi kila kona, kwa hiyo hakuna aliyekosa usafiri.

Bado palikuwa na nafasi ya kupona, sikilizeni. Nilikuwa sijakomiti, yaani sijaiambia databesi iyahifadhi mabadiliko moja kwa moja. Kwenye databesi nilizozizoea, ukiharibu kabla ya kukomiti unakata muunganisho na kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Hiyo refleksi iko kwenye damu. Nikaifunga programu kwa kasi ya ajabu, nikashusha pumzi. Dogo alikuwa amesimama nyuma yangu sijui tangu lini.

"Kaka umeifunga?"

"Nimeifunga. Ili irudi."

"Kaka hii ukiifunga inakomiti."

Sikumjibu. Niliifungua tena nikahesabu, nikafunga tena, kana kwamba ikifungwa mara ya pili itajutia.

Bakapu ya faili lenyewe tulikuwa tumepanga kuanza wiki inayofuata, na wanaofanya hizi kazi wanajua wiki inayofuata ni lini. Lakini mimi nilikuwa na siri. Kila jioni kabla ya kuondoka nilikuwa namwaga data yote kwenye databesi ya SQL iliyojificha kwenye mashine yangu, majedwali manne ya kwangu mwenyewe na la tano la KitabuMwandishi, yule yule aliyedharauliwa. Kwa usalama wa roho tu. Na zile ID zilizochekwa ndo zikawa kitu pekee kinachoonyesha nani alikuwa na nani. Dogo alipoona hilo akakaa kimya, nikamwambia asante ya nini dogo, kawaida tu.

Kwa hiyo nikaandika kodi ya kurudisha, na joini niliyoitumia ilikuwa tamu, mikopo na wanachama na vitabu, kila mstari unasomwa unatengeneza Mkopo, unatengeneza Mwanachama, unawaunganisha, unahifadhi, mstari unaofuata. Ikaisha vizuri bila kosa hata moja. Vitabu vyote vipo. Nikamwita bosi aje aone, akaangalia namba za kwenye skrini akafurahi sana, akapiga picha, akaondoka.

Dogo akabaki anaangalia ile skrini. "Kaka, mbona idadi ya wanachama ni sawasawa na idadi ya mikopo?"

Nikafungua jina moja. Kuna mama mmoja pale maktaba anapenda kusoma jamani, huyo alizaliwa upya kwa kila kitabu alichowahi kuazima, jina moja, simu moja, tarehe ya kuzaliwa moja, na databesi inamhesabu kila mmoja ni mtu wake. Hadi ID zinafanana, ila huku hakuna aliyeniahidi kwamba ID ni lazima iwe ya kipekee, ile ni namba tu kama namba nyingine. Na waliojiandikisha ila hawajawahi kuazima kitu, hao joini iliwaacha nje kabisa.

"Ni wawili, kaka," dogo akasema. "Wengine hadi sitini."

Tukakimbia kwa bosi. Tukamkuta ameshatuma ripoti kwa uongozi wa maktaba, ameiandika kwa mkono wake, kwamba tangu mfumo mpya uanze wanachama wameongezeka kwa kasi ambayo haijapata kuonekana. Jioni wakajibu. Walishukuru sana, ila wakauliza hawa wanachama wapya mbona kundi zima wanaishi nyumba moja na wote wamefuatana kuazima vitabu vya ufugaji wa nyuki.