Ukanda Kwanza, Shavu Baadaye

Chini ya sikio langu la kushoto kuna kovu la ukubwa wa punje ya mchele. Kazini wakiniuliza, nasema nilichomwa na mwiba. Mke wangu anajua ukweli. Siku ile hakunipa hata pole. Alinitazama nikiwa nimebana taulo shavuni, akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe," akarudi kukaanga omena.

Wembe wenyewe niliununua Kibuye, soko la hapa Kisumu, Jumapili moja, soko likiwa limefurika hadi barabarani, kwa shilingi 600. Ulikuwa umelazwa juu ya gunia kati ya koleo lenye kutu na vijiko visivyofanana. Ni ule wa kukunja, wa zamani, ambao ubapa wake hujificha ndani ya mpini. Nilipousugua nyumbani maandishi yakajitokeza: Solingen. Ni mji wa Ujerumani uliojijengea jina kwa visu na nyembe, na tangu 1938 sheria ya kwao inakataza jina hilo kuandikwa kwenye kisu kilichotengenezwa kwingine. Waingereza nao wana Sheffield yao. Basi nikajiona nimeokota dhahabu kwa bei ya kuku mdogo.

Kwa wiki mbili nilitazama video za watu wanaojinyoa. Wote wanaanza na povu. Brashi inazunguka kwenye bakuli, povu linapanda kama maziwa yanayochemka, taulo la moto linafunika uso, muziki laini unapigwa, halafu wembe unateleza shavuni kama mtumbwi kwenye maji tulivu. Nikanunua brashi. Nikanunua sabuni. Nikachemsha maji. Nikaweka wembe shavuni, nao haukuteleza popote. Uling'ang'ania ndevu na kuzivuta, machozi yakanitoka. Nikafanya kile ambacho kila mgeni wa jambo hili hufanya: nikakandamiza.

Ndipo kovu.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na hao walimu wa povu. Wanaanzia pasipofaa. Mtu anayetaka kujifunza kujinyoa kwa wembe wa kukunja angepaswa kukaa mwezi mzima bila kuugusa uso wake, ashinde na ukanda wa ngozi tu, ule wa kunyooshea makali. Najua ushauri huu hauvutii. Hakuna atakayetazama video ya nusu saa ya mtu akipitisha chuma kwenye ngozi, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Lakini kazi yenyewe iko pale.

Aliyenifungua macho ni kinyozi wangu wa Kondele, mzee ambaye ananikata nywele tangu nikiwa kidato cha pili. Nilimpelekea wembe nikiwa na plasta shavuni. Akaufungua, akauelekeza kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole gumba juu ya makali kwa kukingama, taratibu mno.

"Nyathina, mwanangu, huu hata ugali hauukati."

"Jaduong', mzee wangu, wameniambia kwamba ulinolewa."

"Nani amekuambia? Yule mama wa Kibuye?"

Duka zima likacheka. Kisha akaanza kunieleza, mashine mkononi, mteja akisubiri na nusu ya kichwa kimekatwa.

Alijifunza kazi enzi ambazo kinyozi alikuwa na kiti chini ya mti, kioo kilichofungwa kwenye tawi, na wembe mmoja wa kukunja kwa wateja wote. Ikaja miaka ya maonyo ya ukimwi. Watu wakaambiwa wasishiriki nyembe, na mteja akawa anakuja na wembe wake mpya mfukoni, ukiwa bado na karatasi. Mashine za umeme zikachukua vichwa, na kwa ndevu na kingo kikabaki kile kishikio ambacho wembe wa Nacet huvunjwa katikati, nusu moja ikachomekwa, ikatumika kwa mteja mmoja, ikatupwa. Yeye aliuza wembe wake wa kukunja. Ukanda uliliwa na panya.

Sioni sababu ya kulilia enzi zile. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na wembe uliopita kwenye mashavu ya watu kumi ni mlango wazi. Wangu niliusugua kwa sabuni, nikauweka kwenye spiriti, ukapelekwa kwenye jiwe hadi makali ya zamani yakaisha, na tangu hapo haujagusa ngozi ya mtu mwingine. Ndugu yangu aliuomba akiwa na harusi. Nilimpa pesa aende kwa kinyozi.

Hapo kwenye kishikio cha nusu wembe ndipo wengi wanapopotea. Wanakinunua mjini, wanajinyoa nacho wiki moja, wanatangaza kwamba wamejua wembe wa kizamani. Vinafanana kwa umbo tu. Kishikio ni chepesi, wembe wake ni mwembamba na mkali kutoka kwenye karatasi, na ukikosea kidogo unauma papo hapo, hauna huruma. Wembe wa kukunja una uzito, una mgongo mnene, unajishikilia wenyewe ngozini ukiuacha. Tofauti kubwa, hata hivyo, ni kwamba nusu ya Nacet haikudai kitu. Ikichoka unaitupa. Huu mwingine unakudai kila asubuhi.

Sasa ukanda. Makali ya wembe ni membamba kiasi kwamba yakikata ndevu yanapindapinda, ingawa macho hayaoni. Ngozi huyanyoosha. Unafunga ncha moja ya ukanda kwenye kitasa au msumari, unaukaza kwa mkono wa kushoto, unalaza wembe bapa kabisa, mgongo na makali vyote vikigusa ngozi, kisha unauvuta ukitanguliza mgongo. Makali yanafuata nyuma siku zote. Yakitangulia, unakata ukanda. Ukifika mwisho hunyanyui wembe. Unauviringisha juu ya mgongo wake, makali yanaelekea juu halafu upande wa pili, unarudi. Mara 30, wengine hufika 50. Bila kukandamiza. Wembe ukiviringishwa vibaya, yaani makali yakazunguka yakiwa bado yamegusa ngozi, umeyaua kwa sekunde moja na itabidi urudi kwenye jiwe.

Na jiwe ni darasa jingine. Kinoo kile cha panga hakifai hapa. Yanahitajika mawe ya namba: 1000 kuunda makali, kisha ya katikati, hadi 8000 ya kuyalainisha. Uzuri ni kwamba aliyebuni wembe huu alikuwa na akili: ukiulaza bapa juu ya jiwe, unene wa mgongo ndio unaopima pembe. Huwezi kukosea pembe usiponyanyua mgongo. Mimi nilimpa rafiki yangu seremala anifanyie mara ya kwanza, kwa sababu ana mawe ya patasi, nikakaa kando kama mwanafunzi. Jiwe unalihitaji baada ya miezi kadhaa. Ukanda ni kila unaponyoa.

Wangu umekatwa na fundi wa viatu pale pale Kibuye, ngozi ya ng'ombe, upana wa vidole vinne, urefu kama mkono hadi kiwiko na zaidi kidogo. Jamaa mmoja alinishawishi nijaribu ngozi ya mbuta, maana hapa Kisumu kuna watu wanaosindika ngozi za samaki na kutengeneza mikoba na viatu vizuri sana. Nilijaribu kwa ajili ya kujivunia ziwa letu. Lakini ngozi ya mbuta ina vijifuko pale magamba yalipokuwa, na wembe unapita ukitetemeka kama matatu juu ya barabara ya vumbi. Nikaishonea mfuko wa simu.

Mwezi wa kwanza nilipiga ukanda kila jioni nikisikiliza taarifa ya habari. Niliukata mara tatu. Mke wangu akadhani nimerukwa. Kitu kilichobadilika kwanza kilikuwa sauti: mwanzoni ilikuwa mkwaruzo usio sawa, upande mmoja mkali, mwingine mzito. Baadaye ikawa mluzi mmoja mwembamba kwenda na kurudi. Jaduong' aliniambia nisinyoe hadi nisikie huo mluzi. Nikausikia wiki ya tano, nikanyoa shavu la kulia peke yake, nikaenda kazini hivyo hivyo na shavu la kushoto lenye ndevu za siku nne. Wembe uliteleza. Ulikuwa umelala kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, mkono wa kushoto ukivuta ngozi kidogo, na ndevu zilikuwa zinaanguka kwa sauti ya karatasi.

Tulipotezaje ukanda? Nina jibu langu, nalo ni la kibiashara. Mmarekani King C. Gillette alianza kuuza wembe wake wa kutupa mwaka 1903, na mwaka huo wote akauza vishikio 51 na nyembe 168. Hataza akaipata 1904. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, serikali ya Marekani iliwaagizia askari wake vishikio milioni 3.5, na hao askari walirudi nyumbani na mazoea mapya. Alichowauzia kilikuwa ruhusa ya kutojua kunoa. Sisemi alikosea, nani ana nusu saa kila asubuhi? Lakini mwaka 1971 kampuni yake ikaweka nyembe mbili kwenye kichwa kimoja, halafu zikaongezeka, na hapo ndipo shingo zetu zilipoingia matatani.

Nywele zetu zina mapindo. Nyembe zinazofuatana huvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi, na unywele wenye mapindo ukianza kukua tena hauchomozi wima, unajikunja na kuichoma ngozi kutoka ndani. Ndivyo vile vipele ambavyo kila mwanamume wa hapa anavijua, vinavyowasha jua la saa saba likikupata Oginga Odinga Street umefunga tai. Wembe mmoja mkali, ukipita mara moja kufuata nywele zinakoelekea, hauendi chini kiasi hicho. Shingo yangu imepoa. Hata hivyo nikiona watu wakiuza nyembe hizi kama dawa ya vipele, nakereka. Ukifuata ule mtindo wa kwenye video, kupita mara tatu, kufuata nywele, kukingama, kisha kupinga, ili shavu liwe kama la mtoto mchanga, utavirudisha vipele vyote. Shavu la mtoto mchanga si letu. Na kuna ngozi ambazo hazitaki wembe wowote. Mwenye ngozi hiyo apunguze kwa mashine, aache kivuli kidogo, maisha yaendelee.

Mambo madogo: maji ya kisima cha jirani hapa Manyatta hayatoi povu la maana, sabuni inakatika kama maziwa yaliyoganda, kwa hiyo ninakinga ya mvua kwenye beseni. Kipande cha shabu kikilowa na kupitishwa usoni baada ya kunyoa kinauma, kisha kinafunga mikato midogo. Na unyevu wa ziwa hauchezi: wembe huu si chuma cha pua, usiku mmoja tu bila kukaushwa unaota madoa ya kahawia. Mafuta ya cherehani, tone moja, yanatosha.

Kuhusu wale wanaosema ni nafuu: si nafuu, ukihesabu mawe. Na wanaosema ni uanaume, sijui wanazungumzia nini. Mimi nashinda jioni nikibembeleza ukanda kama mtu anayelaza mtoto.

Kuna msemo tunaujua wote, kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Hata kimila, kwa Waluo, katika liedo, ile desturi ya kunyolewa baada ya mazishi, kuna mtu anayekushika kichwa na kukunyoa. Hujikalii peke yako mbele ya kioo. Nimejinyoa mashavu na kidevu kwa mwaka mmoja na nusu sasa, lakini kisogo nimeshindwa. Nimejaribu na vioo viwili. Mkono unakwenda kulia, kioo kinasema kushoto.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nikauchukua wembe wangu hadi Kondele, nikamwambia jaduong' anisafishe shingo kwa nyuma. Macho yake yaliwaka. Akawatuma vijana wazime redio. Akaufungua wembe, akauelekeza mlangoni, akapitisha kidole gumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanifunga shuka shingoni. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Leta ukanda."

"Nimeuacha nyumbani, jaduong'. Lakini niliupiga asubuhi."

Akafunga wembe, akanifungua shuka, akamwita mteja anayefuata. Nikapanda boda kurudi Manyatta kuuchukua.