Kilo Mbili za Kuzaliwa na Figo za Ukubwani

Kliniki za Likoni na Kisauni, Mombasa, huandika uzani wa kuzaliwa kwenye kitabu cha mama na mtoto. Mtoto akishanona, nani tena huuangalia? Wapo wanaotaka kila aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 ahesabiwe kuwa na figo za kuchungwa maisha yake yote.

Hoja yao si nyepesi. Vichujio vya figo, yaani nefroni, huacha kuundwa karibu na wiki ya 36 ya mimba, na zaidi ya nusu hupatikana miezi mitatu ya mwisho. Aliyedumaa tumboni huanza na akiba ndogo isiyoongezeka baadaye. Mwaka 1988 Barry Brenner na wenzake walieleza kinachofuata: nefroni chache hubeba kazi ya nyingi, presha hupanda, makovu huingia. Uchambuzi wa 2009 uliounganisha tafiti 31 ulikuta uwezekano wa ugonjwa sugu wa figo kwa waliozaliwa na uzani mdogo ukizidi kwa takriban asilimia 70.

Inatisha, lakini asilimia 70 juu ya kidogo bado ni kidogo, na wengi waliozaliwa hivyo huzeeka na figo nzima. Mizani, tena, haihesabu nefroni. Njiti si sawa na aliyetimiza miezi akiwa mdogo, na mwingine ni mdogo kwa sababu wazazi wake ni wadogo. Hapa Pwani kuna malaria ya mimba, upungufu wa damu na umaskini unaomfuata mtoto hadi ukubwani. Kutenganisha kipi kilichoumiza figo ni kazi ngumu.

Mimi naelemea upande wa kwanza, kwa sharti. Uzani mdogo pekee mara nyingi haumlazi mtu. Hatari huja pigo la pili linapotua: hamali wa soko la Kongowea anayetoka jasho mchana kutwa, maji hanywi, jioni anameza diklofenaki ya mgongo, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo. Kipimo cha kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, kinaweza kusoma sawa hata akiba ikiwa imepungua sana. Huyo ndiye wa kuulizwa alizaliwaje, ingawa aliyezalishwa nyumbani na mkunga huenda hajui. Basi apimwe presha na mkojo, ambavyo ni rahisi, na muuza dawa asimpe diklofenaki kama peremende. Mtoto wa uzani mdogo akilazwa kwa kuharisha, arudishiwe maji mapema, na jentamaisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo, ikihitajika, ifuatiliwe kwa kipimo cha kreatinini.