Nipe Ile Inayokunjika

Jumanne iliyopita nilimsindikiza jirani yangu, mzee mkulima wa Njoro, hadi duka moja la bunduki hapa Nakuru. Nilidhani tutapekua kama tunavyopekua mitumba. Kumbe! Hatukuonyeshwa hata kitako kimoja cha bunduki kabla ya muuzaji kuomba kitambulisho cha mzee na cheti chake cha silaha, akavisoma mstari kwa mstari. Mimi sina cheti. "Wewe kijana tazama kwa macho," akaniambia, "mikono ikae mfukoni." Ikakaa.

Mzee alikuwa anatafuta shotigani ya kubadilisha na yake, ambayo imepata ufa pale mti wa kitako unaposhikana na chuma. Alitaka iliyotumika. Mpya hazimvutii, na hata mfuko wake una maoni.

Rafu ya bunduki zilizotumika ina huzuni yake. Bunduki hairithiwi kama ng'ombe. Mwenye cheti akifariki, watoto hawawezi kuiacha tu nyuma ya mlango wakingoja matanga yaishe. Nyingine huishia kwa polisi, nyingine dukani. Kwa hiyo pale ukutani unatazama wazee waliokwisha kwenda. Kitako kimoja kilikuwa kimechakaa upande mmoja tu, pale shavu la mtu fulani lilipoegemea miaka na miaka.

Muuzaji akashusha ya Kiingereza, mitutu miwili sambamba, triga mbili. Mzee akaikunja pale mitutu inapokutana na kitako, akahakikisha matundu ni matupu, kisha akachomoa mitutu na kuielekeza dirishani. Ukitazama ndani ya mtutu mzima unaona duara za mwanga zimepangana sawasawa. Duara likipinda, hapo pamebonyea. Ukiona vidoadoa, kutu ilishakula. Baadaye akaining'iniza mitutu kwa kidole kwenye ile ndoana ya chini, akaigonga kwa ukucha. Ikalia ngiiing, kama kengele ya kanisa la mbali. Ingelia kama debe, angejua pale mitutu ilipounganishwa pameachia. Mwisho akaiunga tena, akaitikisa karibu na sikio. Bawaba iliyolegea haifichiki.

Kilichonifunza zaidi ni mihuri iliyo chini ya mitutu. Kule Birmingham, Uingereza, kuna nyumba ya kupimia bunduki tangu 1813. Mtutu hufyatuliwa kwa nguvu kubwa kuliko ya kawaida, na ukistahimili unapigwa muhuri. Mihuri hiyo ilimwambia mzee kwamba chemba, yaani tundu la kuwekea risasi, ina urefu wa milimita 65. Risasi nyingi za leo ni za 70, na hapo ndipo penye mtego: urefu huo hupimwa mdomo wa risasi, ile ncha iliyokunjwa, ukiwa umeshafunguka. Kabla ya kufyatuliwa ni fupi, kwa hiyo inaingia bila ubishi. Ikifyatuliwa, mdomo unakosa nafasi ya kufunguka, na shinikizo linapanda ndani ya chuma cha babu yako. (Halafu ile namba "12" utakayosikia ikitajwa kwenye shotigani si inchi wala milimita. Gawa ratili moja ya madini ya risasi iwe gololi 12 sawa. Gololi moja ndiyo upana wa tundu, kama milimita 18 na nusu.)

Muuzaji akajaribu kutuuzia ya kupampu, ile unayovuta na kusukuma mshiko wa chini ya mtutu ili kuleta risasi nyingine. Nyeusi, nyepesi, plastiki tupu, na vijana wanaipenda kwa ule mlio wake wa sinema. Hapa ndipo ninapokuwa na maoni, hata kama sina cheti. Bunduki ya kupampu huficha risasi kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Mtu akiingia nayo sebuleni, mnabaki kuamini neno lake kwamba ni tupu. Ile ya mitutu miwili, ukishaikunja mkononi, hata mtoto aliye ng'ambo ya ua anaona matundu mawili yanayopitisha mwanga. Haiwezi kulia ikiwa imekunjwa. Kwa boma lenye wajukuu, mimi sioni mjadala. Eti risasi mbili hazitoshi? Mkulima anayehitaji ya tatu haraka kiasi hicho anahitaji polisi, si duka.

Mzee hata hakuigusa ile nyeusi. "Nipe hii inayokunjika," akasema, kisha akauliza kama risasi za 65 zinapatikana. Muuzaji akasema zinapatikana, ila za kuagiza. Wakanong'ona bei, mzee akaguna, wakanong'ona tena.

Nilitarajia tutatoka nayo. Wapi! Nambari ya bunduki iliandikwa kitabuni, nayo ikarudishwa kwenye sefu hadi makaratasi ya mzee yabadilishwe, kwa sababu cheti chake kinataja ile yenye ufa, si hii. Kabla mlango wa sefu haujafungwa, mzee akaomba aigonge mitutu mara moja tu, ili nisikie vizuri.