Makoromeo ya Mbuzi Kila Jumatano

Kila Jumatano, kabla jua halijakolea, mimi hupita kwa muuza nyama Kongowea, Mombasa, kuchukua makoromeo ya mbuzi. Ameshanizoea, haniulizi tena ni ya nini. Nikifika kazini hospitalini tunayavika kipande cha ngozi yawe kama shingo ya mtu, kisha kila mmoja wetu, daktari, muuguzi na mwanafunzi wa nusukaputi, anashika kisu na kujizoeza kutoboa koo.

Mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli hapumui mwenyewe. Pumzi yake i mikononi mwetu. Mara nyingi mrija wa kupumulia, tunaoupitisha mdomoni hadi kwenye koromeo, huingia bila taabu. Lakini ipo siku mrija hukataa, barakoa ya usoni haipitishi hewa, na hata barakoa ya kooni, aliyoibuni Archie Brain London mwaka 1981, nayo hugoma. Hapo hubaki shingo tu: unapapasa kibonde kilicho chini ya kongomeo, unapasua kwa kisu namba 10, unapitisha kijiti cha kuongozea, kisha mrija namba 6. Dakika chache bila oksijeni zinatosha kuua ubongo. Si wakati wa kuanza kujifunza.

Ndiyo maana sikubaliani na mafunzo ya siku moja kwa mwaka, ya hotelini, na sanamu moja la plastiki linalogombewa na watu thelathini. Cheti kinabaki ukutani, mkono unasahau.

Tena mkono peke yake hautoshi. Mwaka 2005 huko Uingereza, Elaine Bromiley alilazwa kwa upasuaji mdogo wa pua. Njia ya hewa ikakataa. Madaktari wazoefu walizama katika kujaribu mrija, tena na tena. Muuguzi alikuwa ameshaleta vifaa vya kutoboa koo, lakini havikutumika. Mama huyo alifariki siku kadhaa baadaye. Mumewe, Martin, rubani wa ndege, amekuwa akiwahimiza madaktari wajifunze kwa marubani: mdogo aseme, mkubwa asikie.

Kisa hicho nilikuwa nakijua vizuri, na bado yakanikuta. Usiku mmoja nilipokea kijana aliyevimba taya kwa jino bovu, mdomo haufunguki ila upana wa kidole. Nilijaribu mara tatu. Ya nne mrija ukaingia, alhamdulillahi, naye akaenda kwao salama. Tulipokuwa tunanawa, muuguzi, binti wa rika la mwanangu, akaniambia kwa sauti ya chini: “Baba, kisu nilikuwa nimeshakifungua tangu mara ya pili. Niliona haya kukwambia.”

Sikulala usiku ule. Adabu tuliyomlea nayo binti yule ingeweza kumuua mtoto wa mwenzetu.

Mashine ya kupima hewa anayotoa mgonjwa naidai kila chumba cha upasuaji Pwani, maana bila mawimbi yake kwenye skrini huna hakika kama mrija uko mapafuni au tumboni. Hiyo inataka bajeti. Makoromeo ya mbuzi hayataki bajeti, na kumruhusu mdogo aseme hakutaki hata senti.

Kwa hiyo Jumatano zetu haanzi mkubwa. Anaanza mdogo kuliko wote, akisimama nyuma yangu nikijifanya nimekwama na mrija, na hatuendelei mpaka aseme kwa sauti inayofika mlangoni: “Daktari, oksijeni haiingii. Kisu hiki hapa, shika.”